Insha ya Kununua

Kijana huyu alikuwa na kisa chake kizuri, akakiacha nyumbani, akaenda kununua cha mtu. Hatumpi jina kwa sababu ni kijana wa mfano, aliyeundwa kutokana na vijana wengi. Lakini anayeujua Mji Mkongwe hatakosa kumwona ndani yake ndugu, jirani au mwenzake wa kazini. Tuseme amezaliwa Kiponda, amesoma skuli ya Lumumba, kisha akavuka kwenda Dar es Salaam kusomea uhasibu, akarudi na GPA ya 3.6 kati ya 5, ambayo ni daraja la pili la juu. Akaajiriwa katika hoteli moja ya Shangani, kwanza stoo, baadaye ofisi ya malipo. Alipofika mwaka wa sita kazini ikamwingia hamu ya kusoma MBA, shahada ya uzamili ya biashara, tena katika zile skuli ambazo majina yake hutajwa hata na wasiojua ziko wapi: Harvard, iliyoanza kufundisha shahada hiyo mwaka 1908, Stanford, London Business School, au INSEAD ya Ufaransa, ambako mtu humaliza kwa miezi kumi.

Hamu hiyo haina kosa. Kikwazo cha kwanza kilikuwa fedha, maana miaka miwili ya ada na maisha katika skuli kubwa ya Marekani hupita dola 200,000. Ami yake, mwenye duka la vitambaa Darajani, alimwambia wazi: “Mwanangu, hata nikiuza duka na nyumba iliyo juu yake, hatufiki.” Mama yake naye hakutaka kusikia habari ya mkopo wa riba. Ikabaki njia moja, kukubaliwa na kupata ufadhili, na njia hiyo ipo kweli. Harvard hutoa ruzuku kwa kuangalia uwezo wa kifedha wa mwanafunzi. Stanford ina ufadhili maalumu wa MBA kwa Waafrika watakaorudi kufanya kazi barani kwao. Serikali ya Uingereza ina Chevening, ambayo humtaka mwombaji awe amefanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na akimaliza masomo arudi kwao akae angalau miaka miwili.

Kijana aliyasoma yote hayo. Akawaza watu atakaoshindana nao, watoto wa mabenki na makampuni makubwa ya ushauri kutoka Mumbai, New York na Lagos, akajiona yeye ni karani tu wa hoteli ya kisiwani. Mambo yaliharibika hapo, kabla hajaandika hata neno moja.

Katika kundi moja la WhatsApp akakutana na mtu aliyejiita mtaalamu wa maombi. “Wewe nitumie vyeti na picha ya pasipoti, mengine niachie mimi,” mtaalamu akamwandikia. Bei ilikuwa mishahara yake ya miezi miwili, nusu mwanzo na nusu kazi ikimalizika. Kwa fedha hizo mtaalamu alifanya mambo matatu.

La kwanza lilikuwa dogo kwa macho. Vyuo vyetu hupima GPA kwa 5, vya Marekani kwa 4. Mtaalamu hakuigusa 3.6, aligusa kipimo tu, akaandika 3.6 kati ya 4. Kwa tarakimu moja, mwanafunzi wa daraja la pili akawa karibu na kilele cha darasa lake.

La pili lilikuwa barua za wadhamini. Kijana alipendekeza mpishi mkuu, ambaye alifanya naye kazi kila siku kwa miaka mitatu. Mtaalamu akacheka. “Mpishi? Tafuta mkubwa, bwana.” Kupitia kwa jamaa akapatikana mkubwa mmoja ambaye alikuwa amemwona kijana mara mbili, zote harusini. Mtaalamu akaiandika barua, mkubwa akaituma kwa jina lake bila kuimaliza kuisoma.

La tatu lilikuwa insha. Humo kijana wetu alikuwa mwanzilishi wa mradi wa wakulima wa mwani wa Paje, amewakomboa wanawake 3,000 kutoka kwenye umaskini, na kila siku saa mbili asubuhi alisimama ufukweni kuwatazama wakiingia baharini. Kiingereza chake kilikuwa kitamu. Kijana aliisoma mara moja, akajiona amekuwa mtu, akabonyeza kitufe cha kutuma.

Kitu kimoja tu katika faili lile kilikuwa chake hasa. Mtaalamu alitaka kumuuzia pia “maswali halisi” ya GMAT, mtihani wa kuombea MBA, akaogopa, akakataa. Mtihani huo siku hizi una sehemu tatu za dakika 45 kila moja, za hesabu, lugha na uchambuzi wa takwimu, na alama zake huanzia 205 hadi 805. Alijifunza mwenyewe miezi mingi, kila usiku baada ya isha, akavuka kwenda kuufanya Dar es Salaam, akapata 645. Ni alama ya kuheshimika popote.

Sasa tutazame alichokiacha nyumbani.

Mwaka 2020 korona ilipozifunga anga za dunia, wageni walitoweka Shangani ndani ya wiki chache. Hoteli ilikuwa inadaiwa na wavuvi wa Malindi, wakulima wa mboga na kina mama wa Jambiani walioleta pweza. Hoteli nyingine zilizima simu. Kijana, wakati huo yumo stoo, alichukua daftari la madeni akalipanga upya kuanzia deni dogo hadi kubwa. Akagundua kwamba zaidi ya nusu ya wanaodai wangeweza kulipwa kwa fedha ambayo isingetosha hata kumlipa mwagizaji mmoja wa mvinyo. Fedha taslimu haikuwapo, lakini stoo ilijaa mchele, unga, sukari na mafuta, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Akamshawishi mwenye hoteli wauze vile vitu kwa maduka ya mitaani kwa bei karibu na ya kununulia. Mpishi mkuu alibishana naye, akidai mafuta yabaki. Kijana akasikiliza, akaacha madumu machache, akauza yaliyobaki. Kabla ya Iddi wadai wadogo wote walikuwa wamelipwa.

Wageni waliporudi, pweza wa Jambiani alifikishwa hoteli ile kwanza. Wengine waliambiwa walipe kabla.

Hicho ni kisa cha biashara kilichokamilika. Kina mtiririko wa fedha, kina kuchagua nani alipwe mwanzo, kina ubishi na mtu aliyemzidi cheo, na kina matokeo yanayoonekana. Walimu wa skuli hizo za MBA hutumia masaa wakiwafundisha wanafunzi kupambana na hali za namna hiyo katika karatasi. Kijana alikuwa ameipitia mwenyewe. Lakini kwake ilikuwa “kazi ya kawaida tu ya stoo”.

Faili lilipenya hatua ya kwanza, akaitwa kwenye usaili. Baadhi ya skuli huwatumia wahitimu wao wanaoishi karibu na mwombaji, kwa hiyo msaili wake hakuwa Mmarekani. Alikuwa mwanamke wa makamo anayefanya kazi Dar es Salaam, mzaliwa wa Tanga. Kijana alipanda boti ya asubuhi, suti imepigwa pasi, insha ameikariri. Walianza kwa Kiingereza. Baada ya salamu na maswali ya mwanzo, mama yule akahamia Kiswahili.

“Hongera kwa kazi ya mwani. Umeandika wanaingia kila siku saa mbili asubuhi. Maji yakiwa mafu, wanafanya nini?”

Kijana wa Kiponda anajua, kama anavyojua kila mtu wa pwani, kwamba bahari haina saa ya ofisi. Maji yakipwa leo saa mbili, kesho yatachelewa kwa takriban dakika 50, keshokutwa zaidi. Mashamba ya mwani hushughulikiwa siku za bamvua, maji yanapotoka mbali yakayaacha wazi. Yakija maji mafu, kazi husimama. Aliyeiandika ile sentensi hakujua hayo. Aliyeisoma na kuituma aliyajua, lakini aliisoma kama msomaji wa gazeti, si kama mwenye habari.

“Wanavuna kama kawaida, dada,” akajibu.

“Wanapanda spinosum au kotoni?”

“Zote mbili.”

“Ipi inawafia zaidi siku hizi maji yakipata joto?”

Hakujua. Kilimo hicho kilianza kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na hakuna mkulima wa Paje au Jambiani asiyejua kwamba kotoni, yenye bei nzuri, ndiyo isiyovumilia joto. Mama yule hakumkemea. Alimwonea huruma akamfungulia mlango mwingine: “Basi niambie kazi yako ya hotelini. Kuna siku yoyote uliyolazimika kuamua jambo gumu?”

Mlango ule ulikuwa wake. Angeweza kuingia na daftari lake la madeni. Lakini alikuwa ameandaliwa kwa ajili ya mwani tu, akasema, “Aa, hotelini ni kazi ya kawaida tu ya stoo.” Majibu ya kukataliwa yalikuja kwa barua pepe. Mama yake aliposimuliwa hakuwa na mengi: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Si wa kwanza kupatikana, na wanaopokea mafaili haya wamefunzwa kushuku na waliomtangulia. Mwanzoni mwa mwaka 2012 skuli ya biashara ya Anderson ya chuo kikuu cha UCLA ilikataa waombaji 52 baada ya programu ya kulinganisha maandishi kuonyesha kwamba insha zao zimenakiliwa. Katika skuli ya Smeal ya Penn State waombaji waligunduliwa wamenakili insha ambayo mada yake ilikuwa uongozi wenye maadili. Hata yale “maswali halisi” aliyokataa kijana yana historia. Baraza linalosimamia GMAT liliishtaki tovuti ya ScoreTop kwa kusambaza maswali yaliyokuwa bado yanatumika, mwaka 2008 likashinda fidia ya dola milioni 2.3, kisha likafuta alama za watu 84 na kuzijulisha skuli walikopeleka maombi.

Tukio la Machi 2005 ndilo la kutia akilini zaidi. Mtu mmoja alisambaza mbinu ya kuchungulia majibu ya maombi kwenye mfumo wa kompyuta kabla hayajatangazwa. Waombaji 119 wa Harvard walijaribu, baadhi wakiona ukurasa mtupu tu. Hawakuwa wameghushi alama wala kununua insha. Harvard iliwakataa wote 119.

Na tusiseme ni mambo ya ughaibuni. Nairobi wapo maelfu ya wahitimu mahodari waliokosa ajira, ambao riziki yao ni kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 imeonyesha maisha yao. Ni waandishi wazuri, na huenda aliyeandika habari za mwani alikuwa mmoja wa aina yao. Hapa kwetu, Aprili 2017, watumishi wa umma 9,932 waliondolewa kazini Tanzania kwa vyeti vya kughushi, wengine wakiwa wameshatumikia miaka mingi. Skuli kubwa nazo huhakiki. Baada ya mtu kukubaliwa, nyingi hupeleka faili lake kwa makampuni yanayopigia simu mwajiri, chuo na mdhamini. Likionekana la uongo, nafasi huondolewa, hata kama mtu ameshafunga mizigo.

Basi faili lenye nguvu hujengwaje? Kwanza kwa muda. Skuli nyingi hupokea maombi kwa awamu, Septemba, Januari na Aprili, na ile ya mwisho mara nyingi hukuta viti na fedha za ufadhili vimepungua. Anayetaka Septemba aanze mwaka mmoja nyuma, kwani GMAT peke yake hula miezi, na alama zake hudumu miaka mitano, hivyo hakuna hasara ya kuutangulia.

Pili kwa alama zilivyo. GPA iandikwe kwa kipimo cha chuo kilichoitoa, isipokuwa fomu yenyewe ikitaka vingine. Wasomaji wa mafaili wamekwisha kuona transkripti za vyuo vya Dar es Salaam na vya Tunguu, Unguja, wanajua 3.6 kati ya 5 ni nini. Kama alama za chuo ni za wastani, GMAT nzuri kama ile 645 huwaambia kwamba hesabu hazitamshinda. Kijana alikuwa na tiba ya udhaifu wake mkononi, akachagua kuuficha.

Tatu kwa wadhamini wanaomjua mtu. Fomu hutumwa moja kwa moja kwenye barua pepe ya mdhamini, na inayotumiwa na skuli nyingi haimuulizi cheo chake kwa kirefu. Humuuliza amefanya kazi na mwombaji kwa namna gani, humtaka ataje ushauri au ukosoaji mzito aliowahi kumpa, na aeleze mwombaji aliupokeaje. Mkubwa wa harusini atajibu nini hapo? Mpishi mkuu angeandika habari ya madumu ya mafuta. Kama Kiingereza kingempa tabu, angeweza kusaidiwa kukinyoosha, mradi maneno yawe yake.

Nne kwa insha yenye mwenyewe. Stanford kwa miaka mingi imeuliza ni jambo gani lina uzito zaidi kwako, na kwa nini. Chevening huuliza juu ya uongozi, mahusiano ya kikazi, masomo unayotaka na mpango wako wa kazi. Hakuna swali hapo linalodai wanawake 3,000. Linalotakiwa ni uamuzi uliofanya wewe, sababu zake, nani alikupinga, na nini kilifuata. Msaada haujakatazwa. Maalim wako anaweza kuisoma insha akakuonyesha pasipoeleweka. Rafiki anaweza kukuuliza maswali mpaka kisa kitoke. Mpaka uko kwenye kalamu. Siku mwingine anapoishika akaanza kuandika kwa niaba yako, insha imeshakuwa yake.

Kuna kipimo rahisi kabla ya kutuma. Mpe faili zima mtu mmoja aliyefanya kazi na wewe, amalize kulisoma, kisha akutajie sentensi ambayo hakuitambua. Katika faili la kijana, mpishi angeanzia mstari wa kwanza.

Mwaka uliofuata kijana alijirekebisha. Akaandika 3.6 kati ya 5. Akaandika habari ya daftari la madeni, kwa Kiingereza chake mwenyewe. Mpishi mkuu na mwenye hoteli wakamdhamini. Lilikuwa faili zuri, akalituma kwa skuli ile ile. Fomu ikamuuliza kama amewahi kuomba hapo kabla, naye, kwa kuwa sasa alikuwa anasema kweli, akajibu ndiyo.

Skuli hutunza maombi ya zamani. Msomaji alikuwa na mafaili mawili ya mtu mmoja. Katika la kwanza GPA ni ya kipimo kimoja, katika la pili ni ya kingine. Katika la kwanza yupo mwanzilishi wa mradi mkubwa wa Paje. Katika la pili mradi umepotea bila maelezo, na mahali pake pamekaa karani wa stoo aliyeuza mchele Ramadhani. Msomaji yule hakuwa na njia ya kujua lipi ni la kweli. Ukweli uliokuja nyuma ya uongo ulionekana uongo wa pili, na safari hii hakuitwa hata kwenye usaili.

Mtaalamu alikuwa ameshakula fedha ya miezi miwili, lakini hiyo ndiyo hasara ndogo. Zipo skuli ambazo hazijapata faili la kwanza, na kijana anaweza kuanza huko. Ile aliyoitaka kuliko zote ndiyo aliyoiharibu kwa mkono wake. Huenda angekataliwa hata kama angesema kweli tangu mwanzo, kwa sababu kila mwaka watu wazuri wengi hukataliwa kwa uchache wa nafasi. Lakini angekataliwa akiwa na haki ya kurudi mwakani na maneno yale yale, na mwaka mmoja zaidi wa kazi juu yake.